Nyayo za Meneja

Kibanda cha Mlinzi wa Ufuko
Tarehe 6 Mei

Kwa Mama Fundi,
Nyumba ya mwisho kabla ya mchanga.

Mama, shikamoo.

Ni mimi mlinzi wa ufuko, yule mwenye baiskeli na kofia ya kijani anayekusalimia kila asubuhi ukipita na mbwa wako. Ningekuja kubisha hodi, lakini ofisi imesema mambo ya mbwa yaende kwa maandishi, basi naandika. Wenye mbwa hapa ni sita. Nimewaandikia watano, mkono unaniuma, na barua yako nimeiacha ya mwisho kwa sababu ndiyo ngumu.

Msimu wa kutaga umeanza. Hawa ndege wadogo wa mchangani hawajengi kiota cha maana. Wanakwangua mchanga kidogo kwa miguu, wanataga mayai mawili au matatu yenye rangi ya mchanga wenyewe, basi, wanakaa. Mtu anaweza kuyakanyaga asijue. Mbwa akikimbia ovyo karibu nao, ndege anatoroka, na yai likiachwa juani halina maisha tena. Kwa hiyo tunaomba mambo yaleyale ya kila mwaka: mbwa awe kwenye mkanda, mpite chini kwenye mchanga uliolowa, wala msivuke kamba niliyozungushia viota. Na kinyesi mkiokote, tafadhali, maana nikiacha kusema hilo naokota mimi.

Leo asubuhi nimekuta kiota kimoja kimepondwa, ndani ya kamba kabisa. Upepo ulikuwa umefuta karibu kila kitu, ila pembeni zilibaki nyayo mbili za mbwa, na ule wa kushoto una kidole kimoja pungufu. Mama, mbwa wa namna hiyo hapa ni mmoja tu.

Sikuja na ugomvi. Nakuomba mkanda usitoke mkononi. Nipo kwenye kazi hii mwaka wa kumi na tisa sasa na kila Mei naandika barua ileile, nimebadilisha kalamu tu.

Wako,
Mlinzi wa Ufuko


Nyumbani
Tarehe 9 Mei

Bwana Mlinzi,

Marahaba. Barua yako nimeikuta chini ya mlango.

Nianze na huyo uliyempaka matope. Anaitwa Meneja. Jina alipewa na marehemu mume wangu, kwa sababu tangu mdogo hafanyi kazi yoyote, anapita tu nyuma ya watu akikagua. Ana miaka kumi na mmoja. Mbwa wa umri huo hafukuzi ndege, akimwona anakaa kitako kumsubiri aondoke kwa hiari yake. Kidole alikipoteza kwenye geti langu, si kwenye uhalifu.

Mkanda wake nimeushona mwenyewe kwa utepe wa mikoba ya shule, mishono mitatu. Nimeshona sare za wanafunzi miaka arobaini na sijawahi kurudishiwa nguo iliyofumuka. Nauzungusha mara mbili kwenye kiganja tangu ninapofunga mlango hadi ninaporudi. Haujatoka mkononi mwangu hata siku moja, nakula kiapo.

Sasa na mimi nikulaumu. Hiyo kamba yako ina rangi ya mchanga, nani ataiona? Na kile kibao mmekiandika kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Andikeni maandishi ya watu.

Kisha nikwambie jambo moja ili tuelewane. Binti yangu anakaa mjini, ghorofa ya nne, kwenye jengo lisilotaka mbwa. Tangu baba yake afariki ananivuta nihamie kwake. Tumekubaliana hivi: maadamu naweza kumtembeza Meneja mwenyewe kila asubuhi, kwenda na kurudi, nabaki kwangu. Siku nitakayoshindwa ndiyo siku nitakayofungashwa pamoja na masufuria. Kwa hiyo matembezi haya usiyachezee, mwanangu. Ndiyo yananiweka kwenye nyumba yangu.

Mimi,
Mama Fundi


Kibanda cha Mlinzi
Tarehe 17 Mei

Mama, shikamoo.

Samahani kukusumbua tena. Kimepondwa kiota cha pili.

Safari hii siwezi kuusingizia upepo. Kila jioni nafunga ubao nyuma ya baiskeli, nauburuta kuzunguka kamba zote hadi mchanga unakuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi, ili asubuhi nisome nani kapita. Leo nimesoma. Nyayo za Meneja zipo.

Nimeshajaza fomu. Fomu yetu ina visanduku vinne vya chanzo cha uharibifu: maji kujaa, kunguru, mbwa, na mengineyo. Ukichagua mengineyo unatakiwa ueleze kwa ukurasa mzima na utaje majina ya wahusika. Nimetia alama kwenye mbwa.

Ofisi imejibu kwa simu, maneno machache. Kikipondwa cha tatu, ufuko unafungwa kwa mbwa wote, wa kwako na wa wenzako watano, msimu huu na ujao. Mwenzio Mwalimu mstaafu, yule wa mbwa wawili weupe, ameshapata habari na hana furaha.

Kuhusu kamba, Mama, ni ya rangi ya machungwa. Inaonekana tangu barabarani. Baada ya barua yako niliifuata nikidhani labda jua limeipausha, lakini haijapauka.

Naomba mambo mawili. Usitoke mapema mno, subiri hadi saa mbili, jua likishapanda. La pili, ukikubali, nitakuwa nakusindikiza. Nitatembea upande wa viota, wewe upande wa maji. Sitasema neno kama hutaki maneno.

Wako,
Mlinzi


Nyumbani
Tarehe 19 Mei

Bwana Mlinzi,

Kunisindikiza? Kwani mimi bibi harusi?

Nimetunga uzi kwenye tundu la sindano miaka arobaini, leo nitashindwa kuiona kamba ya machungwa? Naiona. Nilisema rangi ya mchanga kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe.

Saa mbili ndiyo saa ya watu wote kuwa nje. Mimi napenda kwenda na kurudi kabla sijaulizwa habari za asubuhi na kila mwenye mdomo. Huyo Mwalimu wako jana amenisimamisha barabarani, akaniambia ufuko ukifungwa kwa ajili ya mbwa wangu hatanisalimia tena maisha yake yote. Nilimjibu kwamba salamu zake nilikuwa nazivumilia tu.

Binti naye amepiga simu. Jirani amemwambia kwamba nilimimina chai nje ya kikombe. Jirani tuliyetenganishwa na kuta mbili kaona chai, fikiria. Nimemwambia binti yangu mkono uliteleza, na Meneja anatembezwa kila siku kama kawaida, akatulia.

Niache nitembee. Nimechoka kujitetea kwa kila mtu, na mbwa wangu amechoka zaidi.

Mama Fundi


Kibanda cha Mlinzi
Tarehe 28 Mei, mchana

Mama yangu,

Asubuhi nimebandika tangazo mlangoni kwako, lile lenye muhuri. Umelipata: kiota cha tatu, ufuko umefungwa kwa mbwa wote. Hii ya sasa haina muhuri. Ni yangu mwenyewe, na hakuna atakayeiona.

Leo nimepiga magoti nikasoma mchanga sawasawa. Nyayo za Meneja zinakuja vizuri hadi hatua mbili kabla ya kamba, halafu zinasimama. Kucha zimechimba chini, miguu yote minne, kama mnyama anayevuta kurudi nyuma kwa nguvu zake zote. Kisha zinageuka pembeni na kuzunguka kwa nje. Hajaingia ndani hata kwa mguu mmoja.

Vilivyoingia ni viatu. Vya mpira, soli yenye mistari ya mawimbi, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Vimeiburuta kamba chini, vimepita katikati ya kiota, vimetokea upande wa pili bila kusita. Mtu anayeona angesita.

Mama, wewe huoni. Sijui ni tangu lini wala ni kiasi gani, lakini huoni. Ulisema kweli kuhusu mkanda, haukutoka mkononi mwako. Mbwa hakuvunja kitu, alikuwa anakuzuia.

Nilipogundua leo, nilikaa palepale mchangani. Ndege alikuwa anazungukazunguka mbele yangu akijifanya amevunjika bawa ili nimfuate yeye nikiache kiota. Hajui kwamba hakuna cha kulindwa tena.

Sitamwambia mtu. Nifanye nini, niambie wewe.

Mlinzi


Tarehe 29 Mei

Bwana Mlinzi,

Viatu vya mpira vimejaa madukani, kila mtu anavyo. Usiniandikie tena.

Mama Fundi


Nyumbani
Tarehe 12 Juni

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Hifadhi ya Ufuko.
Nakala: Mlinzi wa Ufuko.

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi cherehani mstaafu, mkazi wa nyumba ya mwisho kabla ya mchanga. Mbwa mliyemfungia ufuko ni wangu. Naandika kueleza kwamba hana kosa.

Aliyevikanyaga viota ni mimi, kwa miguu yangu. Macho yangu yana ugonjwa. Katikati ya kila ninachokitazama pana doa, kama mtu ameweka kidole chenye mafuta kwenye kioo, na doa linakua. Pembeni bado naona kidogo. Nikimtazama mtu usoni naona masikio yake. Daktari aliniambia mwaka jana mwezi wa kumi, akaniambia pia kwamba halitibiki, na mimi sikumwambia yeyote. Kamba yenu sijawahi kuiona. Nilikuwa nikifuata mkanda, na mbwa alipogoma nilidhani ni uzee wake, nikamvuta. Hapo ndipo nilipokosea na ndipo panaponiuma.

Naomba muufungue ufuko kwa wenye mbwa wengine watano. Ni watu wanaofuata utaratibu, mikanda mkononi, mifuko ya kinyesi mfukoni. Wamekosa asubuhi zao wiki mbili kwa ajili yangu. Sitapita tena huko msimu wa kutaga, na hamtahitaji kuniandikia.

Fomu yenu nimesikia haina nafasi ya mtu kama mimi. Iongezeeni.

Wenu,
Fundi cherehani mstaafu


Nyumbani
Tarehe 14 Juni

Mlinzi, mwanangu,

Nakala umeipata, kwa hiyo sirudii. Hii naandika kwa sababu nilikufokea na sikupaswa.

Barua yako ya mwisho nilianza kuisoma asubuhi nikaimaliza mchana. Ndivyo ninavyosoma, dirishani, kwa kioo cha kukuzia, neno moja moja. Nilipoimaliza niliandika ule mstari wa matusi nikaupeleka kibandani kwako palepale, kabla moyo haujapoa. Niliporudi nikavua kiatu. Nikakipapasa kisigino cha kulia, kimelika kwa nje kama ulivyosema. Chini, katikati ya mistari, pamekauka kitu. Nilikikwangua kwa kucha nikakisogeza pembeni ya jicho ninapoona. Kilikuwa cha njano.

Nilikaa nacho kidoleni muda mrefu. Mume wangu alipougua nilimwosha, nilipozaa nilijifungua peke yangu mvua ikinyesha, lakini kile cha kidoleni nilishindwa kukifuta. Halafu nikamkumbuka Meneja. Zile asubuhi zote amegoma, na mimi namwambia twende mzee, acha uvivu, nikamkaba na mkanda nilioushona mwenyewe. Akakubali tu. Nilimlilia shingoni, akasimama akisubiri nimalize.

Siku kumi na tatu nilibishana na nafsi yangu. Nilijiambia ufuko umefungwa, basi, hakuna kiota kitakachopondwa, nani ataumia nikinyamaza? Ila kila asubuhi nawasikia wale mbwa wengine wanapita barabarani kwenye vumbi na magari, na Mwalimu anawafokea kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Nikashindwa.

Binti nilimpigia kabla ya kuandika kwa ofisi, asije akasikia kwa jirani wa kuta mbili. Alilia kwanza, kisha akaniuliza sufuria zipi nataka kubeba. Anakuja Jumamosi. Nimemwambia mbili tu, nyingine agawe. Cherehani nayo inabaki. Nimejitahidi kuhuzunika kuhusu nyumba, nimeshindwa, nimechoka mno. Labda huzuni itakuja huko ghorofani nikishapumzika.

Meneja amechukuliwa na Mwalimu. Ndiyo, huyohuyo. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila salamu, akasema mbwa wake wawili hawana adabu, wanahitaji mkubwa wa kuwasimamia. Nikampa mkanda. Hata leo nikikohoa namsikiliza kama ananyanyuka chini ya meza.

Nimeandika mengi kwa sababu wewe ndiye mtu pekee aliyenieleza ukweli siku ileile alipoujua. Daktari alizungukazunguka wiki tatu. Jirani alikwenda kwa binti yangu. Mimi nilijidanganya miezi minane. Wewe uliona asubuhi, ukaniambia mchana, na ulikuwa na njia zote za kunyamaza. Naondoka na hilo moyoni, Mungu akulipe.

Nina swali moja. Katika barua zako zote hukuwahi kusema ni mayai mangapi. Nijibu kabla ya Jumamosi, niisome mwenyewe, binti asinisomee.

Mama yako,
Fundi


Kibanda cha Mlinzi
Tarehe 16 Juni

Mama, shikamoo.

Nimeiandika barua hii mara nne, tatu nimechana. Nitakuletea mwenyewe leo. Nitaiacha dirishani na kuondoka, maana sijui kama utataka kuniona ukishaisoma.

Ofisi imeufungua ufuko. Asubuhi Mwalimu alipita na mbwa watatu. Meneja alikuwa nyuma, mkanda umelegea, anakagua.

Kiota cha kwanza kilikuwa na mayai matatu. Cha pili mawili. Cha tatu matatu. Jumla manane.

Sasa naomba ukae kitako kabla ya kuendelea. Umeniandikia kwamba nilikwambia siku ileile nilipojua, na unataka kuondoka na hilo moyoni. Usiondoke nalo. Siyo kweli.

Nilijua tangu kiota cha pili. Tarehe kumi na saba asubuhi mchanga ulikuwa laini, na nyayo zilikuwa wazi vilevile kama zile za tarehe ishirini na nane. Mbwa kagoma, viatu vimepita. Nilisimama pale na fomu mkononi. Ningechagua mengineyo ningelazimika kujaza ukurasa mzima na kuandika jina lako, halafu ofisi ingekuja, binti yako angekuja, na wewe ungekuja kulia mbele ya meza yangu. Ulikuwa umeshanieleza habari za nyumba yako. Nilijiambia nakuonea huruma. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini uchovu ulikuwa mkubwa zaidi. Mbwa hana wa kumtetea, hapigi simu ofisini, wala hatii saini. Nikatia alama kwenye mbwa nikaenda kunywa chai.

Ndiyo maana nilitaka kukusindikiza. Ulipokataa nikashukuru moyoni, kwa sababu nilikuwa nimeshajaribu na sasa siwezi kulaumiwa. Siku kumi na moja nilikuona kwa mbali ukienda upande wa viota na sikupiga hata filimbi. Ningekwambia siku ile ya kiota cha pili ungenitukana, ungenifokea, lakini usingepita tena pale.

Haya yote leo nimeyaandikia ofisi, na jina langu chini. Watakaloamua waamue, sina nguvu ya kuogopa.

Kwa hiyo, Mama, huko ghorofani usijitwishe manane. Yale matano uliyakanyaga bila kujua. Matatu ya mwisho niliyakanyaga mimi, na nilikuwa naona.

Mlinzi